Goti, Tumbo, Kichwa

Marafiki zangu hunicheka kwa sababu natembea na chaja kila mahali, hata kanisani. Wana haki ya kucheka. Nikiona simu imebaki na kistari kimoja chekundu cha betri, iwe yangu au ya mtu nisiyemjua kabisa, siwezi tena kufuata mazungumzo. Na nikipita mahali jenereta inanguruma, nikasikia ile harufu ya petroli iliyochanganyika na plastiki ya moto, narudi papo hapo kwenye meza ya mama katika soko la mtaa wetu wa Mangobo. Nina miaka minane hivi, nimekaa juu ya kidumu cha njano, na nina hofu ambayo sijamwambia mtu yeyote.

Mama aliuza kwanga, mkate wetu wa muhogo. Anayelijua soko letu anajua kwamba kwanga haiuzwi kimya kimya. Zote zimefungwa katika majani, zote zinafanana, meza zinafuatana bega kwa bega, na mnunuzi hawezi kuona kilichomo ndani ya jani. Anachokiendea ni sauti. Mama alikuwa nayo, tena ya kutosha. "Kwanga oyo! Kwanga ya sika!" aliita kwa Kilingala, kwanga hii hapa, kwanga mpya, na watu waliokuwa wakishuka kwenye toleka, zile baiskeli zetu za abiria, waligeuka kabla hawajamlipa dereva. Mimi aliniita kutoka mezani mpaka kwenye bomba la maji, juu ya vichwa vya wauza mboga ya pondu na wauza samaki, na sikuweza kujifanya sikusikia. Alinizaa akiwa amekwisha kukata tamaa ya kupata mtoto, ndiyo maana akaniita Zawadi, na jina hilo alilivuta mwishoni kwa raha mpaka watoto wenzangu wakawa wananitania nalo.

Sauti hiyo haikukatika siku moja. Ilipungua polepole, na sisi tuliokaa naye hatukuona. Wateja ndio walioona kwanza. Waliinama juu ya meza, wakaweka mkono sikioni, wakauliza, "Unasema je, mama?" Mama akarudia, wakauliza tena, kisha wakahamia meza ya pili. "Masikio ya batu imekufa siku hizi," aliniambia. Hakuwa anatania. Aliamini kabisa kwamba anasema kama zamani na kwamba ugonjwa uko kwa wengine.

Kisha uso wake ukaacha kucheka. Nilimsimulia mambo ya shule yaliyowachekesha watu wote, yeye akaniangalia tu, uso umetulia kama maji ya ndoo. Mkono wake wa kulia ulitikisika juu ya pagne, kitenge alichojifunga, hata alipokuwa amekaa bila kufanya lolote. Mwanamke wa meza ya jirani alisema mama ana lofundu, yaani amejaa majivuno, ndiyo maana hajibu watu vizuri. Mimi nilidhani amenikasirikia. Nilifagia kabla ya kuambiwa, nikateka maji kabla ya kuambiwa, na kila jioni nilijichunguza nikitafuta nilichomkosea. Nilikuwa mtoto mchovu sana wakati ule.

Kimbilio langu lilikuwa kwa Tonton Bosco. Tulimwita tonton, mjomba, ingawa hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa mtu wa kuchaji simu, meza yake ikitazamana na ya mama, njia tu ikiwatenganisha. Mtaani kwetu umeme ulikuja ulipotaka, kwa hiyo watu walimletea simu zao asubuhi, naye akazipanga mezani na waya zake, na grupu, ndivyo tunavyoita jenereta, ikinguruma nyuma yake kutwa nzima. Alinifundisha kusoma vistari vya betri kabla sijasoma vizuri vitabu vya shule. Na alikuwa na sheria moja. Mwenye simu akija kabla haijajaa, akataka kupiga mara moja tu, Tonton Bosco alimwondoa mkono.

"Acha, papa. Iko na barre moja. Ukiisemesha, inakufa."

Basi nikajua hivyo. Kitu kilichobaki na kistari kimoja hakisemeshwi.

Papa alikuwa fundi wa injini katika boti za mbao zinazoshuka mto mpaka Isangi na mbele zaidi, akikaa safarini majuma mengi. Aliporudi safari ile, mama alimsalimu mlangoni, naye akainama akasema, "Nini? Rudilia." Mama akarudia. Papa alimwangalia kwa muda mrefu bila kuweka chini mzigo wake. Kesho yake alimpeleka hospitali. Daktari aliuangalia mkono, akamwambia mama atembee kidogo chumbani, akamwuliza kama bado anasikia harufu ya chakula vizuri. Akasema ni Parkinson. Papa alilirudia neno hilo njia nzima, kama ni jina la mtu aliyemkosea na ambaye papa anakusudia kwenda kumtafuta nyumbani kwake.

Daktari alitoa vidonge, na akatuelekeza kwa mwanamke anayefundisha watu kusema upya. Mimi nilichukuliwa kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Tulipanda pikipiki moja, wote watatu na dereva, mpaka kwenye chumba kidogo chenye pazia la kijani upande wa mjini. Madame Esther alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na simu kubwa isiyo na ufa hata mmoja, kitu nilichokiheshimu mara moja. Aliisimamisha juu ya meza mbele ya mama, ikiegemea chupa ya maji, akagusa hapa na pale. Kwenye kioo ikatokea ngazi ya vistari, vya chini vyekundu, vya katikati vya manjano, vya juu kijani.

"Bon, mama. Vuta pumzi, useme aaa, murefu, na nguvu yako yote."

Mama akavuta pumzi. "Aaa." Kikapanda kistari kimoja chekundu, kikacheza kidogo, na aliponyamaza kikazimika.

"Nimepiga kelele," mama alisema kwa aibu. "Batu ya inje bamesikia."

"Angalia, mama." Madame Esther alimwonyesha kioo kwa kidole. "Hii ugonjwa inadanganya sikio yako. Unaona sawa unapiga kelele, kumbe unasema chini chini. Sasa hatutauliza tena sikio. Tutauliza macho. Ukiona rouge, hii nyekundu, haifike. Ukiona verte, ile kijani, njo batu bote banasikia vile."

Leo naelewa maneno hayo yote, na naona jinsi yalivyokuwa mazuri. Siku ile sikuyasikia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mama nikiangalia kioo, na nilichokiona ni kitu nilichokijua kuliko mtu mzima yeyote mle chumbani. Mama alikuwa amebaki na kistari kimoja. Alisema "aaa" moja tu, na hata hicho kimoja kikazimika. Nilishika kiti. Nilishangaa kwamba papa anatabasamu.

Madame Esther aliweka ngazi ile katika simu ya zamani ya papa, ili mama aitumie nyumbani. Kila siku, asubuhi na jioni, aseme "aaa" ndefu, kisha yale maneno anayoyahitaji kazini, kwanga oyo, kwanga ya sika, mpaka afikishe kijani. Akaniinamia. "Na wewe, Zawadi, utamushikia telephone. Unakubali?" Nilikubali kwa kichwa. Ningewezaje kukataa mbele ya watu? Lakini moyoni nilijiuliza ni daktari gani huyu anayemwona mtu yuko karibu kuisha, kisha anamwambia atumie kilichobaki, tena mara mbili kwa siku.

Papa aliondoka tena na boti yake, akatuachia simu. Nami nikaanza kumwekea mama akiba.

Sokoni nilisema badala yake. Mteja akikaribia, mimi nilikuwa nimekwisha simama juu ya kidumu changu naita kwanga oyo. Akiuliza kitu, mimi nilijibu. Mama akifungua mdomo, nilimwahi: "Nyamaza, mama, mimi nitasema." Wateja walifurahi. "Mama, uko na mutoto muzuri," walimwambia, na hata yule jirani wa lofundu alinipa ndizi. Shule ilipofunguliwa nilikimbia kutoka darasani mpaka mezani bila kupumua, nikihesabu kichwani watu ambao huenda mama amewajibu nisipokuwepo. Mazoezi ya nyumbani niliyafupisha kwa kila hila niliyokuwa nayo. Nilidai maji, nilidai kujisaidia, nilidai kwamba mbuzi wa jirani ameingia uani. Maana kila mara mama aliposema "aaa" vistari vilipanda, viwili, vitatu, na kila aliponyamaza vilishuka vyote mpaka chini, na mimi nilikuwa nashika simu ile nikiona mama yangu akiisha mikononi mwangu.

Nilimwuliza Tonton Bosco kama mtu anaweza kuchajiwa.

Alicheka mpaka akaondoa miwani. "Mutu? Mutu anajichargé na fufu na usingizi."

Kuanzia siku hiyo nilimsukumia mama sahani yangu ya fufu na kumlazimisha alale mchana, katikati ya soko, kichwa juu ya majani ya kwanga. Alikubali, kwa kuwa vidonge vilimchosha, na mimi nilikaa namfukuzia nzi nikiona kwamba mambo yanaenda vizuri.

Hayakuenda vizuri. Tuliporudi kwa Madame Esther, vistari havikuzidi kile kimoja cha siku ya kwanza. Alipima mara nyingine, akasogeza simu, akapima tena. "Unafanya mazoezi, mama?" Mama akasema anafanya. "Na kule sokoni, ku marché, unaita batu?"

"Zawadi njo anaita," mama alinong'ona.

Madame Esther aliniangalia. Hakunikaripia. Alisema kwa upole, "Iko na mapenzi, huyu mutoto. Mais mama njo anapashwa kusema. Hata akichoka. Hata batu bakisema anapiga kelele. Asiposema, sauti itaenda kabisa." Nilimchukia tangu dakika ile. Kurudi nyumbani nilikaa katikati, kati ya mama na dereva wa pikipiki, nikausikia mkono wa mama ukitikisika tumboni kwangu, nikajua kwamba watu wazima wameamua kummaliza na mimi peke yangu ndiye ninayemlinda.

Kisha grupu ya Tonton Bosco iliharibika. Alikuwa amekaa katikati ya vipande vyake, mikono myeusi kwa mafuta, na meza yake imejaa simu zilizokufa. Umeme wa mtaa ulikuwa umekwenda tangu mvua kubwa. Simu ya papa ilikuwa na kistari kimoja toka asubuhi. Jioni, kabla ya giza, mvua ilikuwa imetulia na mama akasema tufanye mazoezi. Nikamwomba tuache mpaka kesho.

"Madame alisema kila siku."

"Kesho, mama. Tafazali."

"Shika telephone, Zawadi."

Nikashika. Kona ya kioo, betri, nyekundu. Katikati ya kioo, mama, mwekundu. Akavuta pumzi, akasema "aaa," kistari cha pili kikapanda, na kioo kikazimika, cheusi kabisa.

Nilipiga yowe. Simu ikaanguka. Nilimrukia mama nikamziba mdomo kwa mikono yote miwili, nikawa namwambia asiseme tena, imeisha, asiseme tena. Alijaribu kuniondoa mikono na mkono wake uliokuwa ukitikisika ukashindwa. Nilisikia pumzi yake ya moto katika viganja vyangu, nikafikiri ni ya mwisho inayotoka.

Alinishika kwa mkono wa kushoto, akanivuta mikono taratibu. "Nini imeisha?"

Nikamwambia yote. Kistari kimoja cha siku ile mjini, sheria ya Tonton Bosco, fufu, usingizi, mbuzi ambaye hakuwahi kuingia uani. Nilikuwa nalia na kukohoa pamoja. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Mabega ndiyo yaliyoanza kucheza, nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka, cheko ambalo halikuweza kupanda mpaka usoni. Kisha likakoma.

"Njo maana unasema fasi yangu kule marché?"

"Ndiyo, mama."

Alinipangusa kamasi kwa ncha ya pagne yake. Akainuka, akanishika mkono mpaka uani, akanipeleka upande wa mwisho, karibu na pipa la maji ya mvua, naye akarudi kusimama mlangoni. Matope yalitutenganisha.

"Telephone imekufa," alisema, na ilinibidi nikaze masikio. "Bon. Sasa wewe njo telephone. Sauti ikikuwa kidogo, shika goti. Ikifika katikati, shika tumbo. Ikifika muzuri, weka mukono ku kichwa. Na usinidanganye, Zawadi. Mimi sijisikie."

Aliita jina langu. Lilifika kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nilitamani kuweka mkono kichwani hapo hapo, tumalize, apumzike. Lakini alikuwa ananiangalia kwa macho yaliyokuwa yanauliza kweli, na mkono wangu ukaenda wenyewe gotini.

"Goti? Mimi nimeita na nguvu mpaka koo inauma!"

"Goti, mama."

Aliuangalia mkono wangu. Hakubishana. Sijawahi tena kuaminiwa na mtu mzima kiasi kile. Akavuta pumzi, mabega yakainuka, akaita tena, na nikashika tumbo. Akaita tena. Tumbo. Jirani yetu mwenye ujauzito alichungulia juu ya ukuta wa mabati.

"Mama Zawadi, kuko nini? Mutoto amepotea?"

"Hapana!" mama alimjibu. "Iko hapa!"

Hakuwa amejiandaa, na hakuwa ameniuliza, lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha panda kichwani. Mama aliuona. Alibaki ameangalia mkono ule juu ya kichwa changu kwa muda, jirani naye akituangalia wote wawili bila kuelewa. Kisha mama alivuta pumzi ya ndani kabisa na akaita, "Zawadiii!" akivuta mwisho wake kama alivyokuwa akifanya zamani, na kuku wakatawanyika.

Nilingoja aishe. Nawaambia ukweli, nilisimama pale mkono kichwani nikiwa nimekaza mwili wote, nikingoja aanguke. Alihema, akajishika mlango, akavuta pumzi nyingine, akaita tena. Akaita tena na tena. Mara nyingine ilifika tumboni, mara nyingine kichwani, na kila ilipokwisha ilikuja nyingine. Giza lilipoingia bado alikuwa ananiita, na mimi nilikuwa nalia kwa furaha, mkono umekufa ganzi.

Tangu hapo sikusema tena badala yake. Nilihamishia kidumu changu ng'ambo ya njia, kwa Tonton Bosco, na mama akawa anaita wateja huku akiangalia mkono wangu. Tonton Bosco, grupu yake ilipopona, alijifunza naye. Nikiwa shuleni yeye ndiye aliyemwonyesha kwa mkono. "Mama, tumbo!" alimpigia kelele katikati ya kazi, na yule jirani wa lofundu, aliyekuwa amekwisha elezwa ugonjwa, akawa anagonga goti lake bila huruma kila mara mama alipolegea. Mnunuzi mmoja aliwakuta watu watatu wameweka mikono vichwani, akauliza kama tuko katika maombi. Madame Esther alipoonyeshwa alicheka, akasema mashine yake imepata wajukuu. Vistari vya kijani tuliviona chumbani mwake kabla ya mvua za pili kuanza.

Sitaki kusema uongo kwamba ugonjwa uliondoka. Hauondoki. Mama yupo bado Mangobo, hauzi tena, papa ameacha mto ili akae naye, na sauti imeanza kushuka upya. Mimi nafanya kazi Bunia, mbali na uso wake. Ananipigia simu Jumapili baada ya misa, na kila Jumapili nasikiliza kwa woga kabla sijaelewa hata anachosema, nikipima tu.

Jumapili iliyopita alipopiga sikusikia kitu isipokuwa pumzi na redio ya papa. Nilibana simu sikioni mpaka likauma. Kwa simu hakuna mkono wa kumwonyesha, na sikujua nifanye nini. Ndipo nikasema, "Mama. Goti."

Nikamsikia akivuta pumzi, ndefu, ya kutoka chini.

"Zawadiii!"

Niliondoa simu sikioni kwa mshtuko, nikakiona kioo. Betri ilikuwa na kistari kimoja, chekundu. Chaja ilikuwa juu ya kitanda, karibu kabisa. Nilirudisha simu sikioni.

"Tena, mama," nikamwambia.